KUMBE BABLISHI ILITOKA KWA MADAKTARI! Historia ya Manesi, Midomo Yao na Kesi ya Kutafuna Kazini

Picha yenyewe kila mtu anaijua. Saa nne asubuhi, foleni imefika mpaka mlangoni, mama kabeba mtoto ana homa, ananyoosha daftari dirishani. Ndani kuna nesi. Gauni jeupe limepigwa pasi, nywele zimebanwa vizuri, mdomo unakwenda. Anauliza jina huku anatafuna. Anauliza umri, anatafuna. Mtoto anapimwa, dawa zinaandikwa, kila kitu kinakwenda sawa. Lakini yule mama akifika nyumbani, jambo la kwanza analosimulia wala si dawa. Anasema: "Nesi mwenyewe anatafuna bablishi kama mbuzi!"

Sasa geuza shilingi. Nesi yule yule aliingia zamu jana usiku. Hajala. Mwenzake wa kumpokea amechelewa. Kinywa kimekauka, na kila dakika anamwinamia mgonjwa usoni, hataki amnukie mdomo. Bablishi ndiyo mswaki wake, ndiyo chai yake, na ndiyo inayomzuia asisinzie. Yeye moyoni anaona anamsitiri mgonjwa. Mgonjwa anaona anadharauliwa.

Nani yuko sahihi? Kabla ya kurushiana maneno, inabidi turudi nyuma kidogo, maana hii kesi ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Ukifuatilia historia yake unakuta sababu mbili tofauti kabisa za kumkataza nesi asitafune. Moja inahusu mwanamke anaonekanaje mbele za watu. Nyingine inahusu vijidudu. Watu wanazichanganya, wanazipika chungu kimoja, ndiyo maana ugomvi hauishi.

WATU WALIANZA KUTAFUNA KITAMBO SANA

Kuna wanaoiita bigijii, kuna wanaoiita bablishi, wengine chingamu, na wazee wa pwani mpaka leo wanakwambia ubani. Na wazee hawajakosea. Ubani halisi ni utomvu wa mti, uliokuja kwenye pwani yetu na majahazi kutoka Uarabuni, hasa Dhofar kule Oman. Watu waliufukiza, na pia waliutafuna ili kinywa kinukie vizuri. Wagiriki nao wana utomvu wao kutoka kisiwa cha Chios, wametafuna tangu enzi na enzi.

Lakini iliyotikisa dunia ni ile ya Denmark. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wamechunguza kipande cha lami ya magome ya mti kilichotafunwa miaka kama 5,700 iliyopita. Kipande kidogo tu, mtu alitafuna akatema, akaendelea na maisha yake. Kutoka kwenye kile kipande wakapata vinasaba vyake vyote. Wakajua ni mwanamke, ngozi nyeusi, nywele za kahawia iliyokolea, macho ya bluu. Wakampa jina Lola. Wakajua mpaka alikuwa amekula bata na njugu za porini siku za karibuni.

Halafu wakakuta na kirusi. Kirusi aina ya Epstein-Barr, kile kinachosambaa kwa mate, alama zake bado zilikuwa mle ndani baada ya miaka elfu tano na ushee. Hii ishike vizuri kichwani, tutairudia huko mbele.

AZTEC NA SHERIA ZA MDOMO WA MWANAMKE

Twende Mexico. Kabla Wahispania hawajafika, Wamaya na Waaztec walikuwa wakitafuna utomvu wa mti wa sapodila, wenyewe huko wanauita chicle. Karne ya 16 mtawa mmoja wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, akakaa na wenyeji akaandika maisha yao kwa undani wa ajabu. Kwenye maandishi yake kuna habari ya kutafuna, na hapo ndipo unashika kichwa.

Kwa Waaztec, kutafuna kulikuwa na sheria. Binti asiyeolewa aliruhusiwa kutafuna hadharani. Mke wa mtu na mjane walitafuna, lakini kwa siri, ndani. Mwanaume naye alitafuna kimya kimya asafishe meno, akionekana hadharani ni aibu. Na wanawake waliokuwa wakiuza miili yao ndio waliotambulika kwa kutafuna barabarani na sokoni kwa sauti, mdomo ukipiga pa, pa, pa.

Umeona hapo? Hakuna aliyeongelea uchafu wala ugonjwa. Kitu kilekile, utomvu uleule, lakini hukumu inategemea ni nani anatafuna na nani anamsikia. Mwanamke akitafuna kwa sauti mbele za watu, jina lake linakuwa limeshachafuka. Hii ni zaidi ya miaka 400 iliyopita, bahari na bahari kutoka hapa. Na bado yule mama wa kwenye foleni akisema "nesi gani anatafuna vile", ndani ya sauti yake kuna kitu kilekile.

DAKTARI WA MENO NDIYE ALIYEANZA

Hapa sasa ndipo kwenye kituko. Ukidhani bablishi na hospitali ni maadui wa asili, sikiliza.

Desemba 1869, jimbo la Ohio kule Marekani, daktari wa meno aliyeitwa William Semple alipewa hataza ya bablishi. Hataza ni karatasi ya serikali inayokulinda mtu asiibe ubunifu wako. Semple hakuwaza kupuliza puto wala utamu. Alichanganya mpira na vitu kama chaki na mkaa, lengo lake watu wasafishe meno na kuimarisha taya. Yaani ilikuwa kama dawa ya meno ya kutafuna. Hakuwahi kuiingiza sokoni, lakini jina lake limebaki.

Karibu na miaka hiyohiyo, New York kulikuwa na jamaa anaitwa Thomas Adams. Yeye chicle aliipata kupitia Antonio López de Santa Anna, yule jenerali aliyewahi kuwa rais wa Mexico, akafukuzwa akaishia uhamishoni Marekani. Mpango wao ulikuwa kutengeneza mpira wa bei nafuu kutokana na chicle. Ukagoma kabisa. Adams akabaki na mzigo ndani, akakumbuka kwamba watu wa Mexico wanatafuna hii kitu. Mwaka 1871 akapata hataza ya mashine ya kutengenezea bablishi, na biashara ikafunguka.

Baadaye akaja daktari mwingine, Edward Beeman, huyu naye wa Ohio. Alikuwa na unga wa pepsini, kitu kinachotolewa kwenye tumbo la nguruwe ili kusaidia chakula kusagika. Akautia kwenye bablishi akauza kama dawa ya tumbo kusumbua. Mwaka 1899 mfamasia wa New York, Franklin Canning, akatoa Dentyne, na jina lenyewe linakutajia meno. Kwa hiyo hesabu vizuri: daktari wa meno, daktari wa tumbo, mfamasia. Bablishi ilizaliwa na watu wa makoti meupe kabisa.

Kilichoibadilisha sura ni biashara. William Wrigley Jr. alifika Chicago mwaka 1891 akiuza sabuni, halafu akauza hamira ya unga, na bablishi akawa anaitoa kama zawadi kwa wateja. Zawadi ikapendwa kuliko bidhaa! Mwaka 1893 akatoa Juicy Fruit na Spearmint. Mwaka 1915 akafanya fujo ya matangazo ambayo mpaka leo inasimuliwa, akatuma bablishi kwa posta kwa kila mtu ambaye jina lake lipo kwenye vitabu vya simu vya Marekani, watu kama milioni moja na nusu. Mwaka 1928 Walter Diemer wa Philadelphia akapata ile ya pinki inayopulizika puto. Hapo bablishi ikaacha kuwa ya duka la dawa, ikawa ya mtaani, ya vijana, ya starehe. Na wenye kujiona wastaarabu wakaanza kukunja pua.

WAKATI HUOHUO, NESI ALIKUWA ANATENGENEZWA UPYA

Sasa rudi Ulaya. Nesi kama tunavyomjua leo ana umri unaokaribiana na bablishi ya viwandani, yaani ni kama walikua pamoja.

Kabla ya hapo, Uingereza nesi wa hospitali hakuwa na jina zuri. Charles Dickens, kwenye riwaya yake ya Martin Chuzzlewit ya miaka ya 1843 na 1844, alimchora nesi mlevi anaitwa Sairey Gamp, na watu wakacheka kwa sababu walikuwa wanamjua wa aina hiyo. Kazi ilionekana ya mwanamke aliyeshindwa maisha.

Akaja Florence Nightingale. Mwaka 1854 alikwenda vita vya Crimea na wanawake 38, akarudi jina limekuwa kubwa. Mwaka 1859 akatoa kitabu cha uuguzi, na mwaka 1860 shule yake ikafunguliwa kwenye hospitali ya St Thomas, London. Kazi yake haikuwa tu kufundisha kufunga vidonda. Alitakiwa kuishawishi jamii kwamba binti wa watu anaweza kuingia wodini, akawaogesha wanaume wasiowajua, na bado akabaki na heshima yake.

Kwa hiyo wanafunzi wakachungwa kweli kweli. Waliishi kwenye bweni la hospitali chini ya metroni. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya mwenendo inayojazwa, na mambo yaliyoandikwa humo ni pamoja na kuwahi, utulivu, uaminifu, na unadhifu wa mwili. Soma tena: utulivu ulikuwa unawekewa alama kama somo.

Na kwenye kile kitabu chake Nightingale aliweka sura nzima ya kelele. Hakuzungumzia kelele za matofali wala magari. Aliongelea vitu vidogo: gauni linalochakarisha, viatu vinavyolia, watu wanaonong'ona pembeni ya kitanda. Hoja yake ni kwamba mgonjwa amelala, hana pa kukimbilia, na kila sauti ndogo anaisikia kubwa. Kitabu hicho kilitoka miaka 10 kabla ya hataza ya Semple, kwa hiyo bablishi haimo. Lakini mtu aliyekataza gauni kuchakarisha, mdomo wa pa, pa, pa angeupokeaje? Jibu unalo.

Waingereza walipoleta uuguzi wao Afrika Mashariki hawakuchagua vipande. Ulikuja mzima mzima: kofia, gauni la pasi, metroni, kusimama wima daktari akipita. Nesi wa kwetu akarithi sheria zilizotungwa ili kumlinda binti wa London asifananishwe na Sairey Gamp. Ndiyo maana mpaka leo watu wanamtazama nesi mdomo, kucha na nywele kabla hawajamtazama mikono.

Na kuna dhuluma ndani yake, lazima isemwe. Vita ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani liliweka bablishi kwenye pakiti za chakula cha askari. Sababu zao? Askari asipate kiu, asisinzie, apunguze mawazo, na asafishe meno pale asipokuwa na mswaki. Hizo ndizo sababu zile zile za nesi wa zamu ya usiku. Askari akitafuna ni kamanda yuko kazini. Nesi akitafuna hana adabu. Kutafuna ni kulekule.

UKIMWI UKABADILISHA MCHEZO

Mpaka hapa unaweza kusema basi, ni maneno ya watu tu, wamwache dada wa watu atafune. Ngoja kwanza.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera. Dunia nzima hospitali zikaanza kujiuliza maswali ambayo hazikuwa zimejiuliza kwa ukali: damu inagusa wapi, mkono unakwenda wapi, nani anakula wapi. Mwaka 1987 Marekani ikatoa mwongozo kwamba damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kama ina maambukizi, usibahatishe kwa kumtazama mtu sura. Mwaka 1991 ikaja kanuni ya kazi inayolinda watumishi dhidi ya magonjwa ya damu. Inasema sehemu yenye uwezekano wa kuguswa na damu hakuna kula, kunywa, kuvuta sigara, kupaka vipodozi wala mafuta ya midomo, wala kushika lenzi za macho.

Angalia hiyo orodha. Mafuta ya midomo yametajwa. Bablishi haikutajwa kwa jina! Hapo ndipo ubishi wa manesi wa Marekani ulipopata mafuta. Mmoja anasema haijakatazwa, mwingine anasema kutafuna ni kula. Hospitali nyingi zikaamua kujiongezea zenyewe kwenye sheria zao za ndani, na maabara nazo hivyo hivyo.

Ukiwaza, mantiki iko wazi. Vitu vyote vilivyo kwenye ile orodha vinafanana kwa jambo moja, mkono unapanda usoni. Bablishi haiingii mdomoni yenyewe. Unaimenya kwa vidole, unaisukuma kwa vidole, na ikiisha utamu unaitoa kwa vidole, tena wengine wanaibandika chini ya meza! Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa chuo kikuu kimoja cha Sydney, Australia, uliowatazama wanafunzi 26 wa udaktari. Kwa wastani kila mmoja alijigusa uso mara 23 kwa saa moja. Hawa ni watu waliofundishwa. Na karibu nusu ya miguso ilikuwa kwenye macho, pua au mdomo.

Sasa mkumbuke Lola wa Denmark. Alitema kipande chake, na miaka 5,700 baadaye alama za kirusi bado ziko humo. Bablishi ni mate yaliyogandishwa. Ukiibandika kitandani au kwenye troli ya dawa, umeacha mate yako wodini, mtu mwingine ataishika.

Na ukitaka kujua kwa nini jambo la mkono na uso si la mzaha, kumbuka Gulu, Uganda, mwaka 2000. Ebola iliwapata watu 425, ikaua 224. Hospitali ya Lacor ilipoteza manesi na wahudumu wake, na Desemba mwaka huo ikampoteza Dk Matthew Lukwiya mwenyewe, aliyekuwa akiongoza mapambano. Wale hawakuwa wazembe, walikuwa mashujaa, na walikuwa wanajua wanachofanya. Kama waliokuwa makini vile waliondoka, kuna sababu gani ya kuongeza safari nyingine ya mkono kwenda mdomoni?

HALAFU BABLISHI IKARUDI WODINI KWA MLANGO WA MBELE

Historia haijamaliza utani wake. Wakati hospitali zinamkataza nesi, bablishi yenyewe ikarudi kama tiba.

Miaka ya 1970 Finland waligundua kwamba sukari aina ya xylitol haiozeshi meno, na mwaka 1975 wakaanza kuuza bablishi yake. Uswidi wakatengeneza bablishi yenye nikotini kumsaidia mtu kuacha sigara, na Marekani ikaikubali mwaka 1984. Singapore, nchi iliyopiga marufuku bablishi Januari 1992 baada ya watu kuibandika hadi kwenye milango ya treni, mwaka 2004 ikalegeza kidogo tu: ile ya kitabibu iuzwe, lakini na mfamasia au daktari wa meno, na mnunuzi aandikwe jina!

Kubwa kuliko zote ni hii. Mwaka 2002 madaktari wa Japan walichapisha utafiti kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa utumbo wakitafuna bablishi, tumbo linaamka mapema. Mwili unadanganyika kwamba chakula kinakuja, utumbo unaanza kazi. Tafiti zikafuata nyingi, na mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane wakazikusanya zaidi ya 80. Wakasema kuna dalili kwamba inasaidia, ingawa tafiti nyingi hazikuwa imara sana. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, baadhi ya hospitali siku hizi zinawapa watafune. Lile swali maarufu la wodini, "mama, umeshajamba?", linapata jibu mapema.

Yaani fikiria: nesi anampa mgonjwa bablishi atafune, yeye mwenyewe haruhusiwi.

SASA ATAFUNE AU ASITAFUNE?

Ukiweka historia yote mezani, jibu linajitenga lenyewe.

Kama unamkataza kwa sababu mwanamke anayetafuna anaonekana wa hovyo, hiyo ni sheria ya Waaztec, na ilitakiwa izikwe nao. Tabia ya nesi haikai kwenye taya. Kuna nesi anatafuna na anakesha na mtoto wa mtu mpaka alfajiri, na kuna nesi mdomo umefungwa kabisa lakini akiufungua tu unatamani urudi nyumbani na ugonjwa wako.

Kama unamkataza kwa sababu ya mkono, hapo una hoja, na haibishaniki. Wodini, maabara, chumba cha upasuaji, chumba cha sindano, bablishi hapana. Na hiyo ni kwa wote, daktari bingwa na mwanafunzi wa mazoezi wa kiume wakiwemo, siyo dada wa dirishani peke yake.

Na kuna ile ya sikio, aliyoiona Nightingale. Mgonjwa anayesubiri majibu, mama anayeambiwa mtoto wake amezidiwa, anasikia kila kitu. Mdomo unaotafuna wakati unampa mtu habari nzito unamwambia kwamba kwako hii ni siku ya kawaida tu. Inawezekana ni kweli ni siku ya kawaida. Yeye hastahili kuisikia.

Lakini upande wa waajiri nao usikwepe. Nesi anatafuna dirishani kwa sababu hakuna mahali pengine. Mpe dakika 30 za kula, mpe chumba chenye maji na sabuni, mpe mwenzake wa kumpokea kwa wakati. Atafune huko, aiteme kwenye karatasi, anawe, arudi kazini. Ukimnyima hivyo vyote halafu ukabandika tangazo ukutani la kukataza bablishi, hujalinda mgonjwa. Umemlaumu mtu mwenye njaa kwa sababu taya lake linaonekana.

Yule mama wa kwenye foleni alikuwa na haki ya kukwazika. Yule nesi naye alikuwa na haki ya kula. Wote wawili walinyimwa na mtu wa tatu ambaye hakuwepo dirishani.

Haya, wa wodini na wa kwenye foleni, uwanja ni wenu. Ingekuwa ni mama yako kitandani, ungesemaje? Na angekuwa ni dada yako mwenye zamu?